Nimesoma A+ hapa Mtwara, baba ndio kagundua cheti kina shida

Naandika nikiwa bado na hasira kwahiyo mkiona nimepanda sana mnivumilie. Kama uko Mtwara au Lindi na unataka kuingia kwenye IT kwa njia ya vyeti, yaani digrii ya kompyuta huna, unataka tu upate cheti kinachotambulika kama hiyo A+, cheti cha kuanzia cha ufundi wa kompyuta kinachotolewa na CompTIA ya Marekani, uanzie sapoti, yaani kusaidia watu kompyuta zikigoma, huko uende unapanda mdogo mdogo, soma hii kabla hujatoa hela yako. Jina la kituo silitaji, sitaki kesi na mtu, ila waliokaa hapa mjini wameshaona bango, "PATA CHETI CHA KIMATAIFA CHA COMPTIA A+ HAPA HAPA MTWARA".

Hapa hapa kweli.

Ada nililipiwa na baba. Mzee wangu ni mtu wa korosho, Tandahimba, na hela yenyewe ilitoka kwenye malipo ya msimu, ile hela ambayo ikiingia kila mtu nyumbani ana mahesabu nayo, bati za jikoni zikaahirishwa ili mimi nisome. Basi nimemaliza mafunzo, tumegawiwa vyeti na soda, picha zimepigwa, nimesafiri nacho mpaka nyumbani kimelaminetiwa kinang'aa. Baba akakishika akakisogeza mbali kidogo maana miwani hana, akakiangalia weee, kisha akaniuliza, "Mwanangu, cha kimataifa mbona muhuri wa hapahapa Mtwara?"

Mzee kaishia la saba ila miaka yote anashika stakabadhi za ghala na risiti za chama cha msingi, kwenye mihuri humpati. Nikaanza kumwelezea huku najisikia kijasho, eti unajua baba hawa ni mawakala, sijui nini. Usiku nikakaa na simu nikasoma vizuri. Aisee. A+ ni mitihani miwili. Wa kwanza mambo ya vifaa na mtandao, wa pili mifumo ya kompyuta na usalama, kila mmoja unalipiwa hela yake, unaenda kufanyia kwenye kituo cha mitihani kinachotambulika au unafanyia chumbani kwako mtu anakuangalia kwa kamera mwanzo mwisho. Ukifaulu yote miwili ndio CompTIA wenyewe wanakupa cheti, na kina namba ambayo mwajiri anaingia mtandaoni anakihakiki. Changu kimesainiwa na mkurugenzi wa kituo na pembeni kuna picha ya dunia. Namba ya kuhakiki hamna. Mtihani wenyewe sijafanya, hakuna aliyefanya darasa zima, na miezi yote ile hakuna mtu wa ofisini aliyetuambia kwamba kuna mtihani.

Sasa njoo kwenye kilichonifanya niandike. Mimi sio mtu wa shari, nikasema ngoja niende nikaulize kistaarabu, labda mtihani unakuja baadaye, labda wanatuandalia. Nimefika mapokezi yupo yule kaka anaangalia video kwenye simu sauti mpaka mwisho. Nikamsalimia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamwambia samahani kaka, naulizia voucha za mtihani wa A+, zimo kwenye ada au tunalipia wenyewe.

"Vocha? Vocha nenda hapo nje kwa mama."

Naapa nilidhani ananitania. Hatanii! Mtu wa mapokezi ya kituo kinachotangaza CompTIA hajui kwamba mtihani unalipiwa kwa voucha, yeye kichwani anawaza vocha ya simu. Nikamwelewesha taratibu kabisa, nikamwonyesha na ukurasa kwenye simu. Ndio akainua uso sasa, na afadhali asingeinua, maana aliniangalia kuanzia kwenye kandambili mpaka kwenye mtandio halafu akasema, "Dada, wewe ulilipia mafunzo, soma risiti yako. Mtihani wa Marekani sisi unatuhusu nini? Wenzako wote wamechukua vyao wameshukuru, wewe ukishapata hicho cha Marekani ndio utaajiriwa na Bill Gates?" Na pale kuna vijana wawili wamekaa kwenye benchi wanasubiri kujiandikisha, wakacheka. Na yeye akacheka. Akarudi kwenye video yake.

Mimi nilibaki nimesimama pale na bahasha yangu. Jamani kuna vitu vya kuvumilia, ila kuchekwa mbele ya watu kwa hela ya korosho ya baba yako, hapana. Nimerudi nyumbani chakula hakipiti. Risiti nimeisoma tena, kweli imeandikwa "ada ya mafunzo", kwa hiyo kisheria sijui, labda ana haki. Lakini bango je? Bango limesema pata cheti cha kimataifa, halijasema pata mafunzo halafu cheti utajijua.

Na hasira ikishapanda unaanza kukagua kila kitu. Nikachukua notsi zetu, zile fotokopi tulizouziwa kwa hela ya pembeni, nikaona kule juu kwenye kona kumeandikwa kwa herufi ndogo 220-901. Nikaitafuta hiyo namba, kumbe ni namba ya toleo la mtihani wa A+. Huo mtihani ulistaafishwa 2019! Baada yake yametoka matoleo mengine, na ya sasa ni 220-1201 na 220-1202 yaliyotoka 2025. Ndio maana tulikaa kipindi kizima tunakariri mambo ya Windows Vista na mimi nawaza hivi nani hapa Mtwara ana Vista, mbona hata kwenye steshenari za uchochoroni sijawahi kuiona, nikajua labda ndio wazungu wanavyotaka. Kumbe wazungu wenyewe walishaachana nayo kitambo, sisi ndio tunafundishwa kama habari mpya.

Kwahiyo nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haipo.

Ila ngoja. Hapa ndio napata shida na nafsi yangu, kwa sababu mwalimu wetu wa vifaa alikuwa mwalimu kweli. Sijui walimpata wapi na sijui kwa nini anakaa pale. Notsi zile za Vista alikuwa anaziruka mwenyewe, anasema hizi mtasoma nyumbani, halafu anafungua mashine. Krimpa, kile kibanio cha kubania vichwa vya nyaya za mtandao, ilikuwa moja darasa zima, basi anatupanga foleni, kila mtu anapanga nyaya zake mezani, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, ukikosea hata mmoja anakata kichwa chote unaanza upya na anakuangalia tu hakufokei. Siku moja alileta printa mbovu ya leza akaifumua vipande vipande, akatuonyesha dramu, akatuonyesha mahali karatasi inapookota tona, mpaka pale kwenye fyuza inapopata joto wino ukashika. Akasema karatasi ikitoka na maandishi mazuri lakini ukipitisha kidole yanafutika, usihangaike na tona, angalia fyuza.

Basi juzijuzi niko kwenye steshenari ya dada mmoja ninayemfahamu, Chikongola, analia printa yake, kila anachochapa kinafutika, wateja wanarudisha barua za maombi ya kazi zimechafuka kama mikono ya mpika mkaa. Ameshabadilisha tona mpaka basi, mafundi wanamwambia tona ni feki nunua nyingine. Nikapitisha kidole kwenye karatasi, maandishi yote yakaja na kidole. Nikamwambia dada, fyuza hiyo. Akanitazama tu. Tukaagiza filamu ya fyuza Kariakoo ikaja na basi, nikaifungua mashine mikono inatetemeka nikaibadilisha, na hakikisheni mashine imezimwa na imepoa maana pale panaunguza vibaya. Imechapa safi. Amenilipa, na siku hizi watu wake wakipata shida ananipigia mimi.

Sasa niambieni, hapo nasema sijajifunza kitu? Nimejifunza. Hela ya kwanza ya IT niliyoishika maishani imetokana na yule mwalimu. Kwahiyo naomba nibadilishe, nyota tatu. Au niseme hivi, mwalimu nampa nne, tano asingekosa kama angetuambia ukweli kuhusu mtihani, maana naye lazima alikuwa anajua. Eeh, alikuwa anajua, ndio maana alikuwa anaziruka zile notsi. Dah. Hapo nakasirika upya. Ukijua kitabu ni cha zamani na ukanyamaza kwa sababu mshahara unatoka kwa aliyekichapisha, na wewe tukuweke wapi? Mbili.

Kwa wanaouliza kama wenyewe A+ inafaa, mimi nasema inafaa, tatizo langu sio CompTIA. Ila jueni hela yake sio mchezo, kwa bei ya Marekani kila mtihani unapita dola 200, na ni miwili, piga mwenyewe kwa shilingi uone inavyokuwa milioni na ushee, na ukishafaulu kinadumu miaka mitatu inabidi ukihuishe. Kwa hela hiyo mtu kukudanganya kwenye bango ni dhambi kubwa. Masomo yenyewe ya bure yapo, Professor Messer ana video za A+ zote YouTube hulipi kitu, mimi nazishusha na bando la usiku nasikiliza mchana, Kiingereza chake kinaeleweka. Kama umeme wenu ni kama wa kwetu usijaribu kufanyia mtihani nyumbani, na chumba kinatakiwa uwe peke yako, mtoto akifungua mlango tu unaweza kufutiwa, kwetu sisi watoto wa mtaa mzima wanaingia kuomba maji. Mimi nakusanya niende nikafanyie Dar.

Wanaonishauri kwenye simu kwamba nisamehe tu maana kituo kinasaidia vijana wa kusini, nawaheshimu, na kweli kabla yake ulikuwa unapanda basi mpaka Dar kwa ajili ya kushika krimpa. Hilo nalikubali. Lakini mnisaidie kitu kimoja, wale vijana wawili wa kwenye benchi waliocheka, waliandikishwa siku ileile, na notsi watauziwa zilezile.

Barua ya kudai wanirudishie sehemu ya ada nimeshaandika, nimeambatanisha picha ya bango na ile kona ya notsi yenye 220-901. Nilimpelekea yuleyule wa mapokezi, akaanza kiswahili kirefu eti mkurugenzi yuko safari, acha hapo nitampa. Nikamwambia siachi mpaka ugonge muhuri kwenye nakala yangu. Baba ndio alinifundisha hiyo. Kagonga, kakunja uso lakini kagonga, na tarehe kaandika. Jibu bado halijaja. Likija nitaandika hapa, na kama wakinirudishia hela nyota naongeza, sina ubaya na mtu.