FlightGear kwenye laptopu ya kawaida: bure, ila inadai jostiki

Ukimsikia mtu akiiponda FlightGear, simuleta ya bure ya kurusha ndege kwenye kompyuta, mwulize kwanza aliirusha kwa kutumia nini. Mara nyingi jibu ni kipanya na kibodi, na kwa vifaa hivyo hata simuleta ya mamilioni ingemtia majini. Programu yenyewe haina bei. Hela ambayo ungenunulia programu nyingine ipeleke kwenye jostiki, yaani mpini wa kurushia, ndipo uihukumu.

Wenzake wawili wakubwa tunawajua. Microsoft Flight Simulator inapendeza macho kuliko zote, lakini toleo la 2020 lilitaka gigabaiti 150 za diski, na lile la Novemba 2024 huvuta sehemu kubwa ya dunia kwa intaneti wakati uko angani. Kwa mwenye bando la kuhesabu, huko ni kuchota maji kwa pakacha. X-Plane 12 inalipiwa, na bila kadi ya grafiki ya maana itakuonyesha picha moja moja kama albamu ya harusi. FlightGear ilianza kama wazo mwaka 1996, ikatoka mara ya kwanza 1997, na hadi leo inaandikwa na watu wanaojitolea, chini ya leseni huria ya GPL. Iko ya Windows, macOS na Linux. Kwa sura imeachwa mbali. Kwa tabia ya ndege, hasa Cessna 172P inayokuja nayo, haijaachwa.

Tuanze na kinachowakimbiza wengi siku ya kwanza: unachagua Nairobi, unabonyeza kuruka, unajikuta juu ya bahari. Hakuna bandari iliyohamia uwanja wa ndege wa Wilson. FlightGear ikikosa mandhari ya mahali hapo hujaza maji. Mandhari ya kwetu hayaji na programu, hushushwa na kitu kinaitwa TerraSync, ambacho unakiwasha kwenye mipangilio ya dirisha la kuanzia kwa kuweka alama ya kupakua mandhari yenyewe. Intaneti ikiwa nzito, ndege hufika kabla ya ardhi. Subiri dakika kadhaa, kisha bonyeza Shift na Esc kuanza upya palepale, ardhi itakuwa imefika.

Njia nzuri kwa bando ni kuelewa folda zinavyopangwa. Dunia imekatwa vipande vya nyuzi 10 kwa 10, na jina la kila kipande ni kona yake ya kusini-magharibi. Folda e030s10 inachukua longitudo 30 hadi 40 mashariki, kutoka latitudo 10 kusini hadi ikweta. Ndani yake wamo Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Arusha, Mwanza, Nairobi, Mombasa na hata Kigali. Dar na Unguja ziko kwenye kijipande kimoja cha ndani, e039s07. Lamu imetoka kidogo nje ya mstari, iko e040s10. Bujumbura iko upande wa pili, e020s10. Entebbe imevuka ikweta kwa upana wa unywele, kwa hiyo iko e030n00. Mwenye rafiki aliyefungiwa faiba amwombe apakue eneo hilo, kisha anakili folda kwa flashi. Usichukue Terrain peke yake: Objects, Airports na Models lazima ziandamane, la sivyo utapata viwanja visivyo na mnara wala majengo. Na unapoionyesha programu mahali mandhari yalipo, chagua folda iliyobeba Terrain na Objects kwa pamoja. Ukiingia ndani ya Terrain yenyewe na kuichagua, bahari inarudi.

Usitegemee kutambua mtaa wako. Ardhi imepakwa rangi kwa aina yake, hapa mji, pale shamba, kule msitu, wala si picha ya setilaiti. Vilima, mwambao na njia za kurukia viko mahali pake, na kwa anayejifunza kusafiri kwa ramani na saa hivyo ndivyo anavyohitaji.

Kwa laptopu isiyo na kadi ya grafiki ya kujitegemea, lenga fremu, yaani picha zinazochorwa, 25 hadi 30 kwa sekunde. Vya kupunguza kwanza ni mawingu ya pande tatu, miti, vivuli na majengo yanayotokana na ramani huria ya OpenStreetMap, kisha umbali wa kuona. Matoleo mapya yana pia mfumo mwepesi wa uchoraji kwa mashine dhaifu. Weka kikomo cha fremu 30 hata kama mashine inaweza zaidi, feni itakushukuru. Hesabu za ndege nyingi, Cessna ikiwemo, hufanywa na JSBSim, kikokotozi cha urukaji kilicho ndani ya programu, mara 120 kwa sekunde, picha iwe nzito au nyepesi. Kwa hiyo fremu 15 haziharibu urukaji wenyewe. Zinaharibu mkono wako, maana unasahihisha kosa ambalo tayari limepita, na ndege inaanza kupanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mkondo.

Sasa jostiki. Ya bei ya chini inayotosha ni Logitech Extreme 3D Pro: vitufe 12, kikofia cha kutazama pande 8, mpini unaojisokota kwa ajili ya usukani wa mkia, na mkono mdogo wa gesi kwenye kitako. FlightGear imekuja na faili lake tayari, kwa hiyo ukiichomeka kabla ya kuwasha programu inatambuliwa. Wengi huipata ikiwa imetumika, Kariakoo au Luthuli Avenue, na hapo ndipo pa kuwa macho. Nenda na laptopu. Kwenye Windows andika joy.cpl kwenye kisanduku cha Run, kwenye Linux tumia jstest-gtk. Sokota mpini polepole hadi mwisho, achia, rudia mara tatu. Alama irudi mahali palepale. Ikirukaruka ungali umetuliza mkono, kipima-mzunguko cha ndani kimeingia vumbi au njia yake ya kaboni imelika. Vumbi linatoka kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya umeme, ile inayokauka yenyewe. Mafuta ya kulainisha bawaba si dawa hiyo: yanabaki ndani na kukusanya vumbi zaidi. Njia ikiwa imelika, punguza bei au ondoka.

Makosa ya mipangilio nayo yana sura zake. Gesi ikiwa kinyume, yaani ukivuta mkono nyuma injini inanguruma, fungua menyu ya File, ingia Joystick Configuration, weka alama ya kugeuza mhimili huo. Anayependa kuhariri faili la XML mwenyewe atumie offset ya -1.0 na factor ya -0.5. Jostiki inatuma namba kati ya -1 na 1, gesi inataka 0 hadi 1, na hesabu hiyo ndiyo inayozioanisha. Hifadhi nakala yako kwenye folda ya mtumiaji, Input/Joysticks chini ya flightgear.org ndani ya AppData kwa Windows, au chini ya .fgfs kwa Linux. Ukihariri lile lililokuja na programu, toleo jipya litafuta kazi yako.

Ndege ikiinama upande mmoja bila wewe kugusa kitu, ongeza eneo tulivu la katikati, dead-band, kuanzia 0.02. Ukizidi 0.05 utaanza kuhisi mpini umekufa katikati. Mpini ukiwa mkali mno, power ya 2 hulainisha katikati na kuacha nguvu mwishoni. Na ukinunua pedali baadaye, zima msokoto wa mpini, kwa sababu mihimili miwili inayoshika usukani mmoja hugombana na yule aliyesogea mwisho ndiye anayeshinda.

Ila kuna "kosa" moja ambalo si kosa. Cessna ikikimbia kwenye njia ya kurukia na gesi kamili, pua inakwenda kushoto. Watu hurekebisha jostiki wiki nzima. Ni propela: hewa inayozunguka inapiga mkia kwa ubavu na msukumo wa jani la kulia unazidi la kushoto pua inapoinuka. Kanyaga, au sokota, kulia kiasi cha kuiweka pua katikati ya njia. Asiye na msokoto wala pedali aanze programu kwa amri --enable-auto-coordination, usukani wa mkia ufuate mabawa.

Trimu, kirekebishi kinachoshikilia pua mahali pake bila wewe kukaza mkono, ndiyo inayotenganisha anayeruka na anayeshindana na mpini. Kwenye kibodi ni Home na End. Zihamishie kwenye vitufe viwili vya juu ya jostiki. Ukiwa umetulia kwenye mwendo fulani, punguza mkazo wa mkono kwa trimu hadi uweze kuachia mpini kabisa. Ikikataa kutulia, tatizo ni gesi unayoichezea kila sekunde.

Cessna 172P ndiyo sababu halisi ya kupakua programu hii. Ina injini ya nguvu-farasi 160, unainua pua kwenye noti 55 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), unapanda kwa 70 hadi 80, na unaleta flapsi, vibawa vya nyuma ya bawa, zote chini kwenye noti 60 hadi 70 ukikaribia kutua. Kuna chaguo la kuwasha taratibu kamili za injini, ambapo oili hupungua na kabureta inaweza kuganda barafu. Anayetaka kuona ubora wake akae Wilson, ambao msimbo wake wa uwanja ni HKNW, futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Weka joto la nyuzi 25. Hewa hiyo ni nyembamba kama ile ya futi 8,000 hivi kwenye jedwali la kawaida. Ukiondoka na mkono wa mchanganyiko umesukumwa hadi mwisho kama ulivyozoea Dar, injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa, mizunguko haifiki na njia inaisha mapema. Mwongozo wa ndege hii unataka upunguze mafuta kabla ya kuruka uwanja wowote ulio juu ya futi 3,000: shika breki, gesi yote, bonyeza M kubwa kidogo kidogo ukitazama saa ya mizunguko ikipanda. Ikianza kushuka, rudi hatua moja kwa m ndogo. Simuleta nyingine nazo hufanya hivi. Hii inafanya bure.

Safari nzuri ya kujifunzia ni Dar, HTDA, hadi Unguja, HTZA. Ni kama maili 40 za baharini, karibu kaskazini kabisa, dakika 23 hivi kwa noti 105. Njia ya Unguja ni 18/36, yaani kusini na kaskazini. Washa hali ya hewa halisi, programu isome METAR, ripoti za hali ya hewa za viwanja vya ndege. Msimu wa kaskazi upepo unakuja usoni, unanyoosha moja kwa moja kwenye 36, kazi rahisi. Msimu wa kusi upepo unakusukuma mgongoni, na hapo wengi hung'ang'ania kutua kwenye 36 hivyohivyo kwa sababu njia imewakalia mbele. Watagusa katikati ya njia wakiwa na mwendo wa kupita kiasi. Inabidi uupite uwanja upande wa mashariki ukielekea kaskazini, njia ikiwa kushoto kwako, futi 1,000 juu yake, kisha ugeuke kushoto mara mbili utue kwenye 18. Ramani unaweza kuiweka kwenye simu: ongeza --httpd=8080 kwenye amri za kuanzia, simu iwe kwenye waifai ileile, fungua kivinjari kwa namba ya IP ya laptopu na 8080 mwishoni. Ikigoma, angalia ukuta-moto wa Windows.

Ndege nyingine zinapakuliwa moja moja, na ubora wake haulingani hata kidogo. Kila moja ina nyota 0 hadi 5 katika mambo manne: urukaji, mifumo, chumba cha rubani na umbo la nje. Chuja kwa nyota kabla ya kuchoma bando. Ndege yenye umbo la nyota 5 na urukaji wa nyota 1 ni picha ya ukutani.

Kuruka na wenzako mtandaoni kunawezekana kwa seva za FlightGear zenyewe. Jina lako la mwito lisizidi herufi 7. Anga la kwetu huwa kimya, utakutana na watu zaidi Ulaya na Marekani. Wanaotaka waongozaji wa sauti hujiunga na VATSIM, mtandao wa marubani na waongozaji wa simuleta, bure baada ya mtihani mfupi, kupitia programu ya swift. Pasipo na mwongozaji, tangaza nia yako kwenye masafa ya redio ya 122.800. Ingia huko ukiwa umeshaweza kushika futi na mwelekeo huku unaongea, siyo kabla.

Jambo la mwisho kuhusu kupakua. Kwa kuwa leseni inaruhusu kuuza, kuna walioifunga FlightGear upya, wakaipa jina jingine na picha za simuleta nyingine kwenye tangazo, wakaiuza kwa dola. Ukifungua unakuta Cessna ileile na menyu zilezile. Ya asili iko flightgear.org, na hakuna hatua yoyote ya kusakinisha inayoomba kadi ya benki.