Nilivyodai fidia ya shingo Mtwara: "Mama, mbona umegeuka?"

Leo asubuhi nimepigiwa simu na kampuni ya bima niende nikasaini nichukue pesa. Mtu mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilikaa chini, mikono inatetemeka kwa hasira, nikaona bora niandike kabla sijaenda, maana nikishazishika hizo pesa huenda nikalainika.

Ajali yenyewe haina mengi. Nilipanda kosta kutoka Mtwara kwenda Lindi, msimu wa korosho umepamba moto, malori yamejaa barabarani. Tulipofika Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Masasi, kosta ikasimama kushusha abiria. Nilikuwa nimekalia siti ya kukunja, ile ya katikati, ambayo egemeo lake linaishia chini ya mabega. Lori likatugonga kwa nyuma. Halikuwa na mwendo mkali, na hakufa mtu. Ila kichwa changu kilikwenda nyuma kikakosa cha kukipokea, kisha kikarushwa mbele. Nikashuka, nikatafuta mzigo wangu, nikasema Alhamdulillah, mzima. Nilitaka hata kuondoka zangu. Trafiki aliyekuja ndiye aliyenikazania: "Mama, chukua PF3 ukapimwe, shingo haisemi siku hiyo hiyo." Mungu amzidishie. Bila ile karatasi ya polisi ya kwendea hospitali leo nisingekuwa na pa kuanzia.

Kesho yake sikuweza kuinua kichwa kwenye mto. Nilikinyanyua kwa mikono miwili, kama mtu anayenyanyua mtungi wa maji.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu yote ni kuinamisha shingo: unainama kukata, unainama kushona, unainama kufumua ulipokosea. Baada ya ajali nikawa nashika sindano juu usawa wa macho ndipo nitunge uzi, maana kutazama chini kulikuwa kunaniletea kizunguzungu na moto unaopanda hadi kisogoni. Sare za shule nilizokuwa nimepokea oda nikazigawa kwa mafundi wenzangu, pesa nao wakachukua, haki yao. Kwa miezi kadhaa cherehani yangu ilikuwa meza ya kuwekea vyombo.

Hospitali walipiga eksirei, mifupa yote salama. Daktari wa mazoezi ya viungo alinieleza vizuri: eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi misuli na kano, na kichwa kikirushwa namna ile ndizo zinazovutika na kuchanika. Alinivalisha kola siku chache tu, akaniambia niivue nianze kuigeuza shingo taratibu kila siku, kwa sababu ikifungwa muda mrefu inazidi kukakamaa. Nikamsikiliza. Sikujua kwamba kumtii daktari kungekuja kunigharimu.

Madai nilifungua mwenyewe. Pale stendi walikuwepo vishoka wanaokwambia "tuachie sisi, tugawane", nikawakataa. Mwenye lori hakuwa na ubishi, alinipa nakala ya bima yake, bima ndogo ile ambayo kila gari lazima iwe nayo, na nilihakikisha kuwa ni hai. Nikakusanya PF3, ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari. Dereva wa lori alikiri kosa mahakamani akapigwa faini, nikafuatilia na nakala ya hukumu. Hiyo nakala pekee ilinichosha viatu. Lakini yote hayo sina kinyongo nayo, ni utaratibu.

Kinyongo changu ni cha dakika tano tu, ndani ya ofisi ya bima hapa mjini.

Kijana wa kitengo cha madai, umri wa mwanangu wa pili, alifungua faili langu akauliza, "Mama, kola iko wapi?" Nikamwambia daktari ameniambia niivue. Akasema, "Aah. Basi umepona." Nikaanza kumweleza habari ya misuli. Hakunisikiliza. Akainuka, akaenda kwenye kabati lililokuwa nyuma yangu upande wa kushoto, akawa kama anatafuta karatasi. Kisha kwa sauti kubwa akaita, "Mama!"

Nikageuka. Nani asingegeuka? Nimelelewa ukiitwa unaitika na unamtazama aliyekuita. Niligeuka na mabega, na kiuno, na kiti kikalia, na maumivu yakanichoma hadi machozi yakanilenga. Naye amesimama pale anatabasamu: "Mbona umegeuka?"

Akarudi kwenye kiti chake akaandika. Najua kusoma, hata kwa juu chini. Aliandika kwa kalamu ya bluu: mdai anageuza shingo bila shida.

Nilikosa neno. Mimi ambaye wateja wananiogopa kwa mdomo, nilikosa neno. Nikatoa daftari langu la oda, lile ninaloandika jina la mteja, kitambaa, kipimo, pesa ya mbele na iliyobaki, ili aone miezi kabla ya ajali na miezi baada. Akalisukuma kwa ncha ya kidole. "Hili daftari la mkono, mama. Lete risiti." Fundi wa barazani anakata risiti gani? Na bajaji zilizonipeleka kliniki wiki baada ya wiki, ipi ilinipa risiti?

Barua ikaja baadaye kwamba dai la kupoteza kipato limekataliwa, na matibabu watafikiria. Kwa hiyo nilikuwa nimeamua siku nyingi kuandika kwamba kampuni hii haifai, msiipeleke hata pikipiki yenu huko. Mwenye gari anakata bima akidhani amemlinda abiria, kumbe abiria anakwenda kutegewa mtego kama panya.

Lakini niseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli nayo ni dhuluma. Katika ofisi hiyo hiyo kuna mama mmoja wa makamo anakaa mapokezi. Siku ile natoka, ameniona navyoshuka ngazi nimeshika ukuta, akanifuata hadi nje kwenye mwembe. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada yangu, usilie hapa. Rudi kwa daktari akuandikie unashindwa kufanya nini kazini, siyo unaumwa nini tu. Na hilo daftari litoe kopi, peleka kwa mtendaji akugongee muhuri kwamba wewe ni fundi na anakujua. Wakikataa tena, nenda TIRA, wapo hapa hapa Mtwara." Wala sikujua kwamba wasimamizi wa bima wana ofisi ya kanda huku kwetu. Shemeji yangu akaniongezea kwamba ipo na ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya bima, hawatozi mlalamikaji, na kwamba kesi ya madhara kama haya ina miaka 3 ya kuifungua mahakamani, isije ikanipita kwa kusubiri barua.

Nikafanya yote. Daktari akapima shingo inageuka kiasi gani kila upande, akaandika na kwamba siwezi kuinama kushona zaidi ya nusu saa. Barua ya malalamiko nikaipeleka, nakala kwao. Hazikupita wiki nyingi simu zikaanza: "Mama habari, mama shikamoo." Shikamoo! Ile siku ya kabati haikuwepo.

Sasa wamekubali. Matibabu yote, na sehemu ya kipato kwa kufuata lile lile daftari lililosukumwa kwa kidole. Siyo nilichoomba, lakini siyo kidogo pia. Nitalipa madeni na nitanunua cherehani ya mota, mguu upumzike na mgongo ukae wima. Hapo ndipo mtu ananiuliza, sasa kampuni ni nzuri au mbaya? Jana usiku ningesema si mbaya sana, wanalipa ukiwabana. Leo nimeisoma ile karatasi wanayotaka nisaini, walinitumia picha yake, nasema hapana. Inasema nikishapokea sina dai lingine lolote kwao wala kwa mwenye gari, milele. Sawa, hiyo naielewa, ndivyo zilivyo, na wewe unayedai usisaini kabla daktari hajakwambia umefikia wapi, maana ukiumwa tena mwakani hakuna mlango. Lakini juu yake wameambatanisha ripoti ya tathmini, na ukurasa wa pili, kwa chapa safi ya kompyuta sasa, lipo bado: mdai anageuza shingo bila shida.

Kwa hiyo wamenilipa huku faili lao likisema mimi ni mwongo.

Jumatatu nakwenda. Nimemwambia shemeji anisindikize, na kopi ya vipimo vya daktari nimeitia kwenye bahasha. Pesa nazihitaji, sitazikataa. Ila sisaini mpaka kijana yule aukate huo mstari mbele yangu, kwa kalamu ile ile ya bluu, na aweke sahihi yake pembeni.