Kaunta buku ya kwaya 2: nimeitumia miezi minne

Nimeinunua Sh 3,500 kwenye duka la vifaa vya shule karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Gamba gumu, kurasa 192, wino hauvuji upande wa pili. Mgongo umeanza kuachia katikati, nimeubana kwa selotepu.

Sikuinunulia mahesabu. Nilipoambiwa nina sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, jioni ile ile nilipakua kwenye simu programu yenye PHQ-9, dodoso la kupima ukali wa sonona. Ni maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, na linauliza hali yako ya wiki 2 zilizopita. Mimi nikawa nalijaza kila usiku, siku nyingine mara tatu. Nikipata 12 nalia. Nikipata 16 naanza kusoma: labda si sonona, labda ni kubwa kuliko hiyo. Adhana ya alfajiri inanikuta macho. Na swali la 3 ni la usingizi, la 4 la uchovu, kwa hiyo kesho yake alama zinapanda, nami nasoma zaidi.

Kilichoniumiza kabisa ni vidonge. Nilipewa fluoksetini, dawa ya sonona, nikasoma maudhi yake yote, siku ya tano nikaacha bila kumwuliza mtu. Dawa hiyo huchukua wiki kadhaa ndipo uone nafuu. Mimi sikuipa hata moja.

Nesi wa kliniki hakunifokea. Alisema, "Dada, swali likija usiku liandike, uje nalo tulisome wote." Basi ukurasa wa kushoto naandika swali, wa kulia jibu lake. Wiki ya kwanza niliandika maswali 31. Asubuhi ya kliniki nilipoyapitia, niliyotaka kweli kuuliza yalikuwa sita. Vidonge nimevirudia kwa maelekezo yake.

Kusoma sijaacha, ila nasoma mchana, kile alichonielekeza. Jambo moja nawaomba sana: swali la 9, lile la kutaka kufa au kujidhuru, msiliandike daftarini mkangoja tarehe ya kliniki. Mwamshe mtu wa nyumbani usiku huo huo, mwende hospitali.

Naipa nyota 5. Mkienda dukani chukueni ya gamba gumu, maana ya gamba laini hujikunja ukiandikia kitandani.