The Firm: mtego uliotegwa kwa mshahara mnono

Riwaya ya The Firm ya John Grisham, iliyotoka mwaka 1991, niliianza nikitarajia mabishano ya mahakamani, nikakuta karibu mambo yote yanapita ofisini, katikati ya majalada ya kodi na ankara za wateja. Sikujuta. Ukurasa wa kwanza unamwonyesha wakili mkongwe akiupitia kwa mara nyingine wasifu wa Mitch McDeere, kijana anayehitimu sheria Harvard, asione dosari. Upesi nikaelewa kwamba kinachomvutia si alama tu, bali pia kwamba kijana ametoka katika ufukara na ana njaa ya pesa.

Kampuni ya wakili huyo, iliyoko Memphis, inampa dola 80,000 kwa mwaka wa kwanza, gari la BMW, mkopo wa nyumba wenye riba nafuu, na kumlipia madeni ya chuo. Sehemu hii niliisoma polepole, kwa maana kila zawadi ni kitanzi, na msomaji huanza kuogopa kabla Mitch mwenyewe hajashtuka. Nyumba imetegwa vinasa sauti. Mawakili wapya hupewa wateja halali kwa miaka kadhaa, na wanapokuja kujua kwamba waajiri wao wanalitakatishia fedha genge la Chicago kupitia Visiwa vya Cayman, wamekwisha kuzama.

Kilichonikosesha usingizi ni pale FBI, shirika la upelelezi la Marekani, inapomtaka atoe hati za kampuni: akizitoa amevunja siri za wateja, jambo linaloweza kumnyang'anya wakili leseni, na asipozitoa atafungwa pamoja na mabosi wake.

Theluthi ya mwisho imenichosha. Kukimbizana kunarefushwa mno, na Mitch anatoroka na mamilioni ya dola bila mwandishi kumsumbua dhamiri. Filamu ya mwaka 1993, aliyoigiza Tom Cruise, inamalizia kwingine: Mitch anawabana mabosi wake kwa kosa la kuwatoza wateja saa zisizofanyiwa kazi na kuwatumia ankara hizo kwa posta, ulaghai ambao sheria ya Marekani huuadhibu. Mimi, ambaye kwa kawaida husimama upande wa kitabu, hapa naipa filamu ushindi, kwa kuwa wakili anajiokoa kwa sheria.

Nilipoirudia riwaya niliziruka mbio zote, nikarudi kwenye usaili wa kazi, ambako wakubwa wale, kwa upole mwingi, wanamdodosa kijana habari za mkewe.