Nyuzi za zege: chuma na plastiki zikipigwa kwenye baridi kali na kwenye joto la tanuru

Mfuko wa nyuzi za zege, zile zinazochanganywa ndani ya zege ili lisivunjike kirahisi, huandikwa karibu kila kitu. Urefu upo, kipenyo kipo, kiasi cha kuchanganya kwa kila mita ya ujazo kipo, na sifa za jinsi zege litakavyohimili kishindo zimejaa upande mzima. Ninachokitafuta mimi hakipo: zege hilo lilipigwa likiwa na joto gani? Kazi yangu ni sakafu za maghala, za vyumba vya kugandishia na za kando ya matanuru, na sakafu za namna hiyo hupigwa kila siku. Mzigo unaanguka, uma wa foklifti unashuka kwa nguvu, kipande cha chuma kinateleza. Basi nimezipima mwenyewe aina mbili ninazozitumia zaidi: nyuzi za chuma zenye ncha zilizokunjwa, na zile nyembamba za plastiki iitwayo polipropilini.

Kipimo ni kile cha nyundo kilichoelezwa na Taasisi ya Zege ya Marekani. Nyundo ya kilo 4.54 inaachiwa kutoka milimita 457, inaangukia mpira wa chuma uliokaa juu ya kisahani cha zege chenye kipenyo cha milimita 152. Unahesabu mapigo mpaka ufa wa kwanza, kisha unaendelea mpaka kisahani kivunjike. Ni kipimo rahisi lakini kinayumba: visahani viwili vya zege la ndoo moja vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo mwaga vingi au usianze.

Kwenye joto la kawaida chuma hakina mpinzani. Kisahani kisicho na nyuzi kikishapata ufa, kwa kawaida pigo linalofuata hukimaliza. Chenye nyuzi za chuma hupata ufa, kikaendelea kupigwa, ufa ukapanuka taratibu huku vipande vikiwa bado vimeshikana. Siri iko kwenye ile ncha iliyokunjwa. Ili uzi uchomoke, kikunjo lazima kinyooke ndani ya zege, na kukinyoosha kunakula nguvu ya pigo. Zile nyembamba za plastiki, kwa kilo moja au pungufu kwa mita ya ujazo, zinazuia vizuri nyufa za zege bichi linalokauka haraka juu. Kwenye kishindo mchango wake ni mdogo, na anayeziuza kwa kazi hiyo anamkosea mnunuzi.

Joto ndilo linalobadilisha mambo. Ukivuka digrii 100 za Selsiasi, maji yaliyo huru ndani ya zege huanza kuwa mvuke. Kati ya 160 na 170 polipropilini inayeyuka. Kwenye 400 hadi 500 chokaa iliyozaliwa na saruji inavunjika, na kwenye 573 mchanga wa kwatzi unabadilika umbo la ndani na kuvimba ghafla. Chuma chenyewe kikifika karibu na 600 kimeshapoteza takriban nusu ya nguvu yake.

Vunja kisahani kilichopashwa mpaka 300 na kuachwa kipoe, utayasoma hayo kwa macho. Nyuzi za chuma zimegeuka rangi ya buluu, zimetokeza kwenye mpasuko, kikunjo kimenyooka: zimefanya kazi yake. Kwenye kisahani chenye nyuzi za plastiki unakuta vijitundu vyembamba vitupu, na ukuta wa kila kimoja ni laini. Uzi haupo tena. Vikipashwa mpaka 600, hata vyenye chuma huvunjika mapema, kwa sababu zege limelegea na halizishiki tena nyuzi zilizomo ndani yake. Kupoza nako kuna neno: kisahani cha moto kikimwagiwa maji hupata nyufa zaidi kuliko kilichoachwa kipoe polepole.

Hata hivyo sitaitupa plastiki, maana kuyeyuka huko kuna faida kubwa. Zege lililoshikamana sana, lisilo na vinyweleo vingi, likipata moto wa ghafla, mvuke hukosa pa kutokea na uso hubambuka kwa mlipuko. Ndivyo zege la njia ya reli iliyo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa lilivyobambuka vibaya kwenye moto wa mwaka 1996. Vile vijitundu vitupu humpa mvuke njia. Kwa kinga hiyo kilo 2 kwa mita ya ujazo ni kiasi kinachofahamika.

Baridi ina tabia yake. Zege lenye unyevu likiganda huwa gumu zaidi, na ufa wa kwanza huchelewa. Wengi huishia hapo wakafurahi. Lakini barafu huchukua nafasi kubwa zaidi ya maji kwa asilimia 9 hivi, na sakafu inayoganda na kuyeyuka mara kwa mara, kama ya mlangoni mwa chumba cha kugandishia, huchoka kutoka ndani. Polipropilini nayo, ikishuka chini ya sifuri, hupoteza ule mnyumbuliko wake na kuwa rahisi kuvunjika. Mlangoni hapo natia chuma, na naagiza zege lenye vipovu vidogo vya hewa ili barafu ipate pa kutanukia.

Kasoro za chuma zipo. Nyuzi zilizo huru zikimwagwa kwa pupa hufanya mafundo ndani ya mashine, hivyo nachagua zilizogandishwa kwa gundi inayoyeyuka majini. Glavu nene ni lazima. Zilizobaki juu ya uso huacha madoa ya kutu, na mwenye jengo aambiwe mapema.

Kando ya tanuru nachanganya aina zote mbili: chuma kwa ajili ya kishindo, plastiki kwa ajili ya mvuke. Chuma nakipa nyota nne kati ya tano, plastiki tatu. Ya tano nitaitoa kwa mtengenezaji atakayechapa kwenye mfuko hesabu ya mapigo kwa digrii 20 chini ya sifuri, kwa 20 za kawaida na kwa 300.