Miche ya iliki niliyonunua Ujiji: mizuri, ila kagua kwanza

Ujiji yetu hii ya miembe, nyumba nyingi zina kivuli uwani ambacho hakioti hata mchicha. Kwa mahali kama hapo iliki inafaa kweli, na kitalu nilikonunua nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu nitakayoieleza.

Iliki ni jamii ya tangawizi. Asili yake ni misitu ya milima ya kusini mwa India, inakoota chini ya miti mikubwa, ndiyo maana jua la moja kwa moja haiwezi. Nchini kwetu imezoea Usambara na Uluguru, kwenye ukungu na mvua za kutosha. Sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tuko chini zaidi, na kuanzia Juni hadi Septemba mbingu imefunga. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "huu mmea hauna kazi", mcheke tu. Kazi ipo, nayo ni kumwagilia kiangazi chote. Mizizi yake iko juujuu, udongo ukikauka kidogo ncha za majani zinaungua. Mimi nafunika shina kwa majani makavu ya mwembe pamoja na nyuzi zinazobaki mawese yakishakamuliwa, na unyevu unakaa vizuri. Tunguu, yaani lile shina nene la ardhini kama la tangawizi, lisifukiwe chini sana, masika litaoza.

Sasa hiyo nyota. Kwenye viriba (vifuko vya miche) nilivyoletewa kulikuwa na mimea ya aina mbili. Mmoja majani yake yanang'aa, ukiyafikicha yananukia viungo hasa, na hapo ndipo wateja wengi wanaponasa. Huo ni wa mapambo! Ulipochanua, maua yalitokea juu kwenye kilele cha shina, na punje ya kutia kwenye chai huipati. Iliki yenyewe hutoa vikonyo vya maua chini kabisa, vinatambaa juu ya udongo. Ua ni jeupe lenye mistari ya zambarau katikati, na punje hufunga hukohuko chini. Nilipopeleka malalamiko walinibadilishia bila ubishi, tena muda mrefu ulishapita. Wauza miche wa namna hiyo ni wachache.

Ukienda, omba uoneshwe mmea mama, kisha uchukue miche iliyogawanywa kutoka kwenye tunguu lake. Ya mbegu utaingoja kama miaka 3 ndipo ione punje. Ya kugawanya huwahi.

Mavuno ni ya pilau na maandazi ya nyumbani, usipige hesabu ya kupeleka soko la Mwanga hapa Kigoma. Punje zichumwe kabla hazijapasuka na zikaushwe kivulini, la sivyo zinapauka.

Kiriba kimoja nilinunua shilingi 3,000, ukichukua vingi wanapunguza. Bodaboda unalipa mwenyewe.