Traneksamiki kabla ya kubadilishiwa goti: sindano au vidonge?
Mgonjwa akitoka Kondoa au Mpwapwa kuja Dodoma kubadilishiwa goti, ndugu huuliza kwanza: tutafute wachangia damu wangapi? Traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu wakati wa upasuaji, hupunguza sana hofu hiyo. Haigandishi damu, hulinda donge lililokwisha kuganda lisiyeyushwe mapema, kwa kuizuia plazminojeni (protini ya damu ambayo ikiamshwa huyeyusha donge) isijishike kwenye fibrini, yaani nyuzi zinazoshikilia donge.

Sindano ya mshipa, kwa kawaida gramu 1 kabla ya kupasua, hufanya kazi papo hapo. Ratiba ya upasuaji ikisogezwa, sindano nayo inasubiri. Ila isukumwe polepole, kama dakika 10, maana ikiharakishwa presha huweza kushuka.

Vidonge, takriban gramu 2, humezwa muda wa kama saa 2 kabla ya kupasuliwa. Tafiti zimeonyesha vinaokoa damu karibu sawasawa na sindano, tena kwa gharama ndogo. Kwa hospitali yenye ratiba inayotabirika ningechagua vidonge bila kusita. Pale foleni inapobadilika kila asubuhi, sindano.

Aliyewahi kupata damu kuganda miguuni au mapafuni, au mwenye kifafa, amweleze daktari mapema. Figo zikiwa dhaifu, dozi hupunguzwa kwa njia zote mbili.